Ibn Khaldun: Yatima wa tauni aliyesaka sababu ya dola kuanguka

Tauni ilipoikumba Tunis mwaka 1348 na 1349, kijana Abdurrahman Ibn Khaldun alifiwa na baba, mama na walimu wake wengi. Alikuwa na miaka kama 17 tu.

Baadaye aliandika kwamba miji ilibaki mahame, njia zikafutika na tawala zikaishiwa nguvu, kana kwamba dunia yote imebadilishwa.

Kwenye ukoo wake habari za kuporomoka hazikuwa ngeni. Alizaliwa Tunis Mei 27, 1332, asili yao ikiwa Hadhramaut, Yemen, kule kule zilikotoka familia nyingi za pwani ya Afrika Mashariki. Mababu zake walikuwa wakubwa wa Seville, Andalusia, wakahama kabla mji huo haujaangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1248.

Ujana wake aliumalizia kwenye siasa, na siasa zenyewe zilikuwa moto. Fez, Morocco, sultani alimweka ndani karibu miaka miwili. Alitoka tu baada ya sultani huyo kufa. Mwaka 1364 mtawala wa Granada alimtuma Seville kwa Mfalme Pedro, ambaye alimwahidi kumrudishia mali za mababu zake akikubali kubaki. Akakataa.

Kila bosi aliyemtumikia alikuwa anapigania kiti kilichokuwa kinayumba. Mwaka 1375 alichoka, akajichimbia na familia yake kwenye ngome ya Qal'at Ibn Salama, katika Algeria ya leo. Huko, mwaka 1377, aliandika Muqaddimah kwa miezi mitano tu. Kilikuwa utangulizi wa kitabu chake kikubwa cha historia, lakini utangulizi huo ndio uliompa jina.

Watu wa zama zake waliosikitikia maisha ya zamani walikuwa wengi. Yeye alitaka kujua mambo yanaharibika vipi. Jibu lake lilikuwa asabiya, yaani mshikamano. Watu wa nyikani, maskini lakini wamoja, wanauteka mji. Kizazi cha kwanza kimepigana, cha pili kimewaona baba zao wakipigana, cha tatu kimezaliwa ikulu na kinajua kula tu. Kwa hesabu yake, ni kama miaka 120 kwisha habari.

Kodi nayo aliigusa. Dola changa hutoza kidogo na kukusanya nyingi. Dola iliyozeeka hutoza nyingi na kuambulia kidogo, maana watu wanakata tamaa ya kufanya kazi. (Hapo mwenye duka yeyote atamwelewa bila kufundishwa.)

Mwaka 1382 alihamia Cairo, na miaka miwili baadaye akawa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Aliwabana waliozoea hongo mahakamani, akajaza maadui. Kipindi hicho hicho, meli iliyokuwa inamletea familia kutoka Tunis ilizama karibu na Alexandria. Aliondolewa kwenye ukadhi, akarudishwa, akaondolewa tena. Hadi anakufa alikuwa ameteuliwa mara sita.

Mapema mwaka 1401 Timur, mbabe wa vita kutoka Asia ya Kati, aliuzingira mji wa Damascus. Ibn Khaldun, mzee wa miaka 68, alikuwa ndani. Aliteremshwa ukutani kwa kamba, akaenda kuonana naye. Alikaa huko kama siku 35, na Timur alipotaka habari za Afrika Kaskazini, alimwandikia. Mji uliporwa na kuchomwa, na Msikiti wa Umayya ukaungua. Yeye akarudi Cairo, alikofariki Machi 17, 1406.

Hesabu ya miaka 120 iligoma nyumbani kwake mwenyewe. Wahafsi, watawala wa Tunis tangu 1229, walikuwa wameshaipita alipokuwa anaandika, na walidumu hadi 1574 walipong'olewa na Waturuki wa Osmania.

Karne iliyofuata ikawa zamu ya wasomi wa Osmania kuhofia kwamba dola yao imezeeka. Walimsoma Ibn Khaldun, na miaka ya 1700 Muqaddimah ikatafsiriwa kwa Kituruki. Usultani wao ulifutwa mwaka 1922.