Oscar Micheaux na bei ya kujichora mwenyewe

Wanaisimu hufundisha kwamba anayekipa kitu jina hukitawala kwa kiasi fulani. Sinema nayo ina uwezo huo. Anayeishika kamera ndiye aamuaye nani awe shujaa, nani awe mtumwa na nani abaki kichekesho. Mwaka 1915, Mmarekani D. W. Griffith alitoa filamu The Birth of a Nation, ambamo watu Weusi walichorwa kama wanyama wenye uchu, ilhali wafuasi wa Ku Klux Klan walivishwa joho la ukombozi. Filamu hiyo ilichuma fedha nyingi mno. Huo ndio uliokuwa msiba wenyewe: tusi lilikuwa na soko.

Miongoni mwa Wamarekani Weusi waliojitosa kulijibu tusi hilo kwa kamera, Oscar Micheaux alidumu kwa ukaidi usio na kifani. Alizaliwa tarehe 2 Januari 1884 karibu na mji wa Metropolis, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa amezaliwa utumwani. Akiwa kijana alihamia Chicago, akawa mhudumu wa abiria katika magarimoshi ya kampuni ya Pullman. Akiba yake ilimwezesha kupata ardhi South Dakota, akalima miongoni mwa majirani Wazungu hadi ukame na madeni vilipomwangusha.

Jembe liliposhindwa, alishika kalamu. Riwaya yake ya The Conquest ilitoka mwaka 1913, ikafuatwa na The Homesteader mwaka 1917. Aliviuza vitabu vyake mwenyewe, mlango kwa mlango. Kampuni ya Lincoln, iliyomilikiwa na Weusi, ilipotaka kuigeuza The Homesteader kuwa filamu, Micheaux alisisitiza awe mwelekezi. Walipokataa, naye alikataa. Badala yake aliunda kampuni yake na kuwauzia hisa wakulima, wengi wao Wazungu, waliokuwa wakimfahamu tangu enzi za jembe. Filamu hiyo ilionyeshwa mwaka 1919, ikawa filamu ndefu ya kwanza kuelekezwa na Mmarekani Mweusi.

Mwaka uliofuata alitoa Within Our Gates. Walimu watavutiwa kujua kwamba mhusika wake mkuu ni mwalimu, Sylvia Landry, anayesafiri Kaskazini kutafuta fedha za kuiokoa shule ya watoto Weusi wa Kusini. Humo Micheaux alithubutu kuonyesha umati wa Wazungu ukiwanyonga watu Weusi pasipo hukumu. Wakaguzi wa filamu wa Chicago, mji uliokuwa umetoka kushuhudia ghasia za kikabila mwaka 1919, waliihofu picha hiyo, na sehemu zake zikakatwa.

Ni muhimu tuelewe alichokifanya hasa. Micheaux hakumjibu Griffith kwa kugeuza kila shetani kuwa malaika. Katika filamu zake mna mwalimu na daktari Mweusi, lakini pia mna mcheza kamari, msaliti na mhubiri anayewauza waumini wake. Katika Body and Soul ya mwaka 1925, Paul Robeson, kwa mara ya kwanza katika sinema, aliigiza mhubiri mlaghai na pia nduguye aliye mwadilifu. Watu wa Micheaux walikuwa na haki ya kuwa wema na haki ya kuwa waovu, yaani haki ya kuwa watu kamili.

Hata hivyo, mkono mtupu haulambwi. Micheaux alizunguka mji hadi mji akiwaomba wenye majumba ya sinema malipo ya awali kwa filamu ambazo hakuwa amezipiga. Tukio likiharibika, mara nyingi aliliacha lilivyo, kwa kuwa kulirudia kulikuwa gharama. Mwaka 1928 alifilisika. Aliinuka tena kwa mtaji wa wafanyabiashara Wazungu wa Harlem, akatoa The Exile mwaka 1931.

Soko lilimtia doa yeye pia. Nafasi kuu mara nyingi aliwapa waigizaji wa rangi nyeupe-nyeupe, na aliwatangaza kwa kuwafananisha na nyota Wazungu wa Hollywood. Mwaka 1938, filamu yake God's Step Children ilipingwa na waandamanaji jijini New York, waliodai kwamba inawadhalilisha Weusi. Aliyekuwa ameitoroka nyumba ya dharau alibainika kuwa na baadhi ya vyombo vyake mkononi.

Lakini waliokosa hata ule uhuru wake mdogo walipatwa na makubwa zaidi. Robeson, ambaye katika miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili jijini London, alikubali kuigiza katika Sanders of the River ya mwaka 1935 akitumaini kuionyesha Afrika kwa heshima. Hata Jomo Kenyatta, aliyeishi Uingereza wakati huo, alionekana humo katika nafasi ndogo. Filamu ilipokamilika ilikuwa wimbo wa kuusifu ukoloni, na Robeson aliikana. Heshima waliyokuwa nayo waigizaji haikutosha, kwa sababu hawakuwa na kauli juu ya ukataji wa filamu wala juu ya fedha zake.

Micheaux alifariki tarehe 25 Machi 1951 mjini Charlotte, North Carolina, miaka mitatu baada ya filamu yake ya mwisho, The Betrayal, kuanguka vibaya sokoni. Kati ya filamu zake zipatazo 40, nyingi zimepotea. Within Our Gates ilipatikana Hispania, maneno yake yakiwa yamegeuzwa kuwa Kihispania. Ilibidi sehemu kubwa ya maneno hayo itafsiriwe upya kwa Kiingereza kabla ya filamu kurejeshwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1993. Mtu aliyepigania kauli yake maisha yote alirudi kwetu kupitia ulimi wa kuazima.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeota kutengeneza filamu ajifunze hesabu za hisa na mikataba sambamba na sanaa ya kamera. Naye mwalimu, anapochambua filamu darasani, asiishie kuuliza iwapo wahusika ni wazuri au wabaya. Aulize pia ni nani aliyeigharamia, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kusema hapana.