Dedan Kimathi na Vilele vya Nyandarua

Milima ya Nyandarua imesimama katikati ya nchi ya Kenya, nayo kwa urefu haipitwi ila na Mlima Kenya na Mlima Elgon. Kilele chake cha kaskazini, Ol Donyo Lesatima, kina meta 4,001 juu ya usawa wa bahari. Na kile cha kusini, Kinangop, kina meta 3,906. Siku hizi watu wengi huipanda kwa kutaka afya na kuburudisha macho. Hupita kwanza katika msitu wa miti mikubwa, kisha katika mianzi iliyosongamana hata jua halipenyi, ndipo hutokea mahali peupe penye majani magumu na upepo mkali. Askari wa hifadhi huwasindikiza kwa hofu ya nyati na tembo. Siku isiyo na ukungu, aliyefika juu ya vilele vya kusini huona Mlima Kenya upande wa mashariki, na upande wa magharibi huona uwanda wa Kinangop ukishuka hata Bonde la Ufa na maji ya Ziwa Naivasha.

Ni mandhari ya kumshukuruia Mungu. Lakini mtu asifike huko, akajaza macho yake, akateremka bila kujua ya kuwa kwa muda wa miaka minne mianzi ile ilikuwa nyumba ya wanaume na wanawake waliopigania ardhi yao, na ya kuwa mkuu wao alikuwa karani na mwalimu wa shule ya msingi. Mtu huyo ni Dedan Kimathi wa Waciuri.

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba, 1920, katika eneo la Tetu, wilaya ya Nyeri, chini ya milima hiyo hiyo. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki kabla yeye hajazaliwa. Mama yake hakuwa na mali, na karo ya shule ilikuwa mzigo mzito. Basi kijana alikuwa akiingia msituni kuokota mbegu za miti na kuziuza kwa idara ya misitu, apate fedha za kulipia masomo. Hivyo ndivyo alivyozijua njia za Nyandarua: si kwa matembezi, bali kwa kutafuta karo. Serikali iliyonunua mbegu zake ndiyo iliyokuja baadaye kumwinda katika misitu hiyo hiyo.

Elimu yake haikufika mbali, kwa kuwa shule ya misheni ya Tumutumu ilimfukuza. Aliingia katika jeshi la Mwingereza mwanzoni mwa miaka ya 1940, lakini hakukaa sana. Alifanya kazi nyingi za kubahatisha. Alichunga nguruwe, alikuwa karani, alifundisha watoto. Katika kazi hizo zote kalamu haikumtoka mkononi. Alipojiunga na chama cha Kenya African Union, wenzake waliona kipawa hicho, na mwaka 1952 wakamfanya katibu wa tawi la Ol Kalou na Thomson's Falls, mji uitwao leo Nyahururu. Tawi hilo lilikuwa katikati ya mashamba ya walowezi, mahali ambapo vibarua Waafrika walilima ardhi nzuri kwa ujira mdogo, wala hawakuwa na haki ya kuimiliki hata hatua moja.

Tarehe 20 Oktoba, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Viongozi wa chama walikamatwa, na Kimathi akajitosa msituni. Wengi waliokimbilia huko walikuwa vijana wasio na silaha wala chakula, kila kundi na mkubwa wake. Hapo ndipo kazi ya Kimathi ilipoanza. Mwezi wa Agosti, 1953, viongozi wa makundi walikutana mahali paitwapo Mwathe, wakaunda Baraza la Ulinzi la Kenya, na Kimathi akawa rais wake. Mwezi wa Februari, 1954, liliundwa Bunge la Kenya, naye akachaguliwa kuwa Waziri Mkuu. Bunge hilo halikuwa na jengo. Wajumbe wake waliketi juu ya magogo, na mvua ya mawe ikiwanyeshea.

Wazee wetu husema ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kimathi aliamini hivyo juu ya watu pia. Aliagiza viongozi waweke madaftari ya majina ya wapiganaji, ya waliokufa, na ya michango iliyotoka vijijini, ili siku ya uhuru ikifika pasiwe na mtu aliyetoa damu yake akasahauliwa. Alikuwa na makatibu, mmoja wao mwalimu aitwaye Karari Njama. Aliandika barua kwa serikali na kwa magazeti kueleza sababu za vita. Ndani ya msitu uko mti wa mugumo unaojulikana hata leo kama posta ya Kimathi, kwa kuwa barua zilifichwa humo na kuchukuliwa usiku.

Wakoloni nao hawakulala. Ndege za Harvard na Lincoln zilimwaga mabomu juu ya milima. Mwezi wa Aprili, 1954, maelfu ya watu walikamatwa mjini Nairobi, na njia ya kupeleka chakula, dawa na risasi ikakatika. Vijijini, Wakikuyu zaidi ya 1,000,000 walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na walinzi. Ukingoni mwa msitu lilichimbwa handaki refu lililojaa miti yenye ncha kali, nao waliolichimba walikuwa wanavijiji hao hao, wakilazimishwa, ili watoto wao walioko mlimani wafe kwa njaa. Aliyesimama juu ya Nyandarua siku hizo aliweza kuona moshi wa nyumbani kwao asiweze kuufikia.

Haifai kuandika maisha ya mtu mkubwa kana kwamba hakuwa na kasoro. Kimathi alikuwa mkali, na kadiri shida ilivyozidi ndivyo ukali wake ulivyozidi. Aliwashuku wenzake, na adhabu zake zilikuwa nzito. Na ile kalamu iliyowaunganisha wapiganaji ndiyo pia iliyowatenga. Wengi wao hawakujua kusoma, nao walianza kuona ya kuwa vyeo na amri vimekuwa mali ya wenye elimu. Stanley Mathenge, kiongozi hodari aliyetangulia msituni, alikataa mamlaka ya Bunge, na mwaka 1955 yeye na wenziwe wakasimama upande wao kwa jina la Kenya Riigi. Mathenge alitoweka mwaka huo huo, asionekane tena. Adui hakuhitaji bomu kwa kazi hiyo. Chama chochote ambacho wenye kusoma humo huwasahau wasiosoma hujichimbia handaki lake chenyewe.

Kufikia mwaka 1956 mkuu wa msitu alikuwa amebaki na watu wachache. Polisi waliwatumia wapiganaji waliotekwa, wakawageuza na kuwarudisha msituni kuwawinda ndugu zao. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba, 1956, Kimathi alifika ukingoni mwa msitu akiwa na njaa, amevaa vazi la ngozi ya chui. Askari mmoja wa polisi wa kikabila alimpiga risasi ya mguu, naye akakamatwa.

Kesi yake ilisikilizwa Nyeri mwezi wa Novemba. Hakushitakiwa kwa vita wala kwa uasi. Alishitakiwa kwa kukutwa na bastola na risasi, kosa ambalo adhabu yake, chini ya sheria za Hali ya Hatari, ilikuwa kifo. Yeye alijitetea ya kuwa siku ile alikuwa akitoka ili ajisalimishe. Hakusadikiwa. Alinyongwa katika gereza la Kamiti asubuhi ya tarehe 18 Februari, 1957, akiwa na umri wa miaka 36. Katika vita hivyo watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu ya mahakama za kikoloni.

Maiti yake haikukabidhiwa kwa jamaa zake. Ilizikwa penye gereza katika kaburi lisilo na alama. Nyaraka zake nyingi zilikuwa zimetekwa msituni, na polisi wakazitafsiri ili zitumike dhidi ya watu wake. Tena, chama cha Mau Mau kiliendelea kuwa chini ya marufuku hata miaka 40 baada ya Uhuru, mpaka marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 2003. Sanamu yake ilisimamishwa katikati ya Nairobi tarehe 18 Februari, 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia watu 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, jumla ya pauni milioni 19.9, na mwaka 2017 kumbukumbu za kesi yake zilichapishwa kuwa kitabu. Hivyo karatasi, ambazo yeye alizithamini sana, zilichelewa lakini zilifika.

Jambo moja halikufika. Mjane wake, Mukami Kimathi, ambaye naye alipigana na kufungwa, aliomba miaka yote mifupa ya mumewe itafutwe ili azikwe kwa heshima. Alifariki mwezi wa Mei, 2023, akazikwa Njabini, katika nchi ya Nyandarua, peke yake.

Naam, milima hiyo iko wazi kwa kila mwenye miguu na pumzi. Mfanyakazi aliyepata siku mbili za mapumziko na aende akaipande; Kimathi na wenziwe walitaka ardhi ile iwe ya wenyewe, nao wenyewe ni yeye na watoto wake. Ila akifika kileleni, akiisha kutazama mabonde, na aitazame pia mianzi aliyoipita. Humo wamelala watu ambao majina yao yaliandikwa katika madaftari yaliyopotea. Na akirudi katika tawi lake au kiwandani kwake, akapewa daftari la wanachama aliandike, asidhani ya kuwa ni kazi ndogo.