Robert Serumaga: Mtunzi wa Michezo Aliyeingia Vitani

Wazee wa Usukuma, kuanzia Shinyanga hata Geita, waujua vyema mzigo wa mzazi wa mapacha. Zamani hawakuzaliwa mabasa katika mji pasipo miiko na matambiko, na aliyeyapuuza alihesabiwa kuwa ameuweka ukoo wake hatarini. Kwa hiyo msomaji wa huku hatapata taabu kuuelewa mchezo wa Renga Moi, ambao Robert Serumaga wa Uganda, nchi iliyo ng'ambo ya ziwa letu, aliutunga mwaka 1972 kutokana na hadithi ya Waacholi. Shujaa Renga Moi amepata mapacha, na mila yamkataza kumwaga damu mpaka matambiko yamalizike. Mara adui wanakivamia kijiji. Je, abaki na wanawe, au aende kuwatetea wenziwe? Anakwenda, anashinda, na arudipo msiba umekwisha ingia nyumbani mwake.

Uchaguzi huo mgumu ulikuja kumkabili mtunzi mwenyewe.

Serumaga alizaliwa Buganda mwaka 1939. Alisomea uchumi katika Chuo cha Trinity, Dublin, nchini Ireland, na watu wengi wangetazamia amalize siku zake katika ofisi za fedha. Lakini alipokuwa Uingereza redio ilimvuta. Mjini London palikuwa na kituo kilichotayarisha vipindi kwa ajili ya redio za Afrika, na Serumaga alikuwa mmoja wa sauti zake. Mwaka 1967 alizungumza humo na Chinua Achebe wa Nigeria juu ya kazi ya mwandishi.

Mwaka huo huo mchezo wake wa kwanza ulionyeshwa Kampala. Akaanzisha chama cha michezo, akaandika, akaelekeza, na kucheza yeye mwenyewe. Katika mchezo wa Majangwa aliwaonyesha mpiga ngoma na mkewe Nakirijja, watumbuizaji wa barabarani waliozidi kujidhalilisha mbele ya watu ili wapate senti za kula. Mwaka 1969 alitoa riwaya juu ya nchi inayopinduliwa na majeshi, akaiita nchi hiyo Adnagu. Lisome jina hilo kinyumenyume, ndugu msomaji, utaona alikuwa akisema juu ya nani. Miaka miwili haikupita, na tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akautwaa utawala wa Uganda kwa bunduki.

Tangu hapo neno moja lililosemwa jukwaani liliweza kumgharimu mtu uhai. Serumaga hakunyamaza, bali alibadili lugha. Aliwakusanya vijana katika kundi la Abafumi, yaani wasimulizi, akawafundisha mazoezi makali ya mwili, ngoma, nyimbo na miondoko, na mchezo ukawa ndio kazi yao ya kila siku. Katika Amayirikiti, mchezo wa mwaka 1974 uliopewa jina la miti yenye maua mekundu kama moto, mateso ya nchi yalionyeshwa kwa viungo vya mwili. Mpelelezi hakuwa na sentensi ya kuiandika katika daftari lake. Mwaka 1975 kundi hilo lilipeleka Renga Moi hata London.

Yawezekana kuuliza kama safari hizo hazikumpamba dhalimu mbele ya mataifa. Swali hilo ni la haki. Lakini twajua pia ni nini kilichowapata wengine. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Byron Kawadwa, mkuu wa jumba la michezo la taifa, aliuawa muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la Lagos. Mwaka huo Serumaga alikimbilia Nairobi.

Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978 na Tanzania ikajibu, Serumaga aliingia katika harakati za kumwondoa dhalimu yule. Mkutano wa Waganda uliofanyika Moshi mwezi Machi 1979 ulitayarisha serikali mpya. Kampala ikakombolewa tarehe 11 Aprili, na mtunzi akawa Waziri wa Biashara chini ya Rais Yusufu Lule. Serikali hiyo haikudumu ila siku 68. Lule alipoondolewa mwezi Juni, Serumaga alirudi tena ugenini, na mwezi Septemba 1980 akafariki dunia mjini Nairobi. Hakuzidi miaka 41.

Kama Renga Moi, aliondoka kwenda kuitetea nchi, ushindi ukapatikana, na nyumba aliyoitarajia hakuikuta. Hata hivyo, atakayemwita mtu aliyeshindwa atakuwa amekosea. Dhalimu aliziba midomo ya watu, na Serumaga akaonyesha kwamba mtu aliyenyimwa kinywa bado anayo mikono, miguu na ngoma. Wanaolijua hilo barabara ni wachezaji wa Bagika na Bagalu, ambao tangu zama za mababu wameupima ujuzi wao uwanjani, mbele ya macho ya watu wote.