Mchoraji wa Mavazi ya Vita

Ukisikia jina Joy Adamson bila shaka utamkumbuka simba Elsa. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku chama chetu kilipozuru Jumba la Makumbusho hapa Nairobi. Ukutani nikakutana na morani wa Kimaasai, manyoya ya mbuni yamemzunguka uso, mkuki na ngao mkononi. Nikaduwaa! Kumbe aliyemchora ni yule yule mama wa simba.

Joy alizaliwa mwaka wa 1910 huko Troppau, mji uliokuwa chini ya Austria. Alifika Kenya mwaka wa 1937. Alianza kwa kuchora maua, maana mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea. Mwaka wa 1944 akaolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori. Hayo ya ndoa tuyaache.

Huko Uingereza, wachoraji kama Richard Simkin walikuwa wamechora sare za vikosi vya jeshi lao, zikachapishwa, watu wakazitundika majumbani. Hapa kwetu kazi kama hiyo ilimwangukia Joy. Mwaka wa 1949 serikali ya kikoloni ilimwajiri achore makabila ya Kenya katika mavazi ya jadi kabla hayajapotea. Alizunguka nchi miaka mingi, akachora mamia ya picha: wazee, maharusi, na mashujaa waliovalia vita.

Hapo ndipo mimi hukwama. Mwaka wa 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Aprili 1954, serikali ile ile iliyomlipa achore vijana na mikuki yao ilizingira mitaa yetu hii ya Eastlands katika msako ulioitwa Anvil, ikazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Babake nyanya yangu alitolewa Bahati, akapelekwa Manyani. Yaani shujaa wa picha sawa, wa mtaani pingu!

Elsa alikuja baadaye, mwaka wa 1956, na picha za makabila zikatoka kitabuni mwaka wa 1967. Joy aliuawa Shaba, Januari 1980.

Kitabu hicho nilikiazima, nikampelekea nyanya. Alifunua polepole, akasimama kwa kijana mmoja mwenye ngao, kimya. Halafu akaniambia babake alichukuliwa na koti la kazini, viatu ameshika mkononi.