Kroll na Metali Isiyoliwa na Kutu

Katika nyanda za Kisii na Nyamira, ambako mvua haikawii, hakuna mwanafunzi asiyeijua kutu. Jembe lililosahauliwa shambani hugeuka rangi kabla ya juma kwisha. Ndiposa sishangai niwasikiapo wazazi wakihofu pindi mwana wao aliyevunjika mguu katika ajali ya bodaboda anapotiwa bamba na skrubu mfupani. Huuliza iwapo chuma hicho hakitaoza mwilini, penye damu na chumvi. Hilo ni swali la busara, na ningependa walimu wa kemia walijibu kwa kusimulia maisha ya William Justin Kroll.

Kroll alizaliwa mwaka wa 1889 mjini Esch-sur-Alzette, nchini Luxembourg, katika eneo la machimbo na tanuri za chuma. Alisomea elimu ya metali mjini Berlin, kisha katika miaka ya 1920 akafungua maabara yake mwenyewe. Titaniamu ilikuwa imejulikana tangu 1791, lakini ilikuwa kama mali iliyofungiwa sandukuni. Metali hii ina uchu mkubwa wa oksijeni. Ikipashwa moto huinyakua hewani, nayo ikishaimeza huvunjika kama kigae. Mwaka wa 1910, huko Marekani, Matthew Hunter aliipata ikiwa safi kwa kutumia sodiamu, ila kwa kiasi kidogo tu.

Katika miaka ya 1930 Kroll alitumia kwanza kalisi, kisha magnesiamu, kuitenga titaniamu na klorini ndani ya chombo kilichojaa gesi ya argoni ili hewa isipenye. Alipata metali yenye vitundu mithili ya sifongo, na njia hiyo yaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka wa 1938 alipeleka sampuli kwa makampuni ya Marekani, lakini hayakushawishika. Mwaka wa 1940 alihamia huko na kupewa hataza. Ujerumani ilipoivamia nchi yake, serikali ya Marekani iliitwaa hataza hiyo kama mali ya adui, ikambidi aidai mahakamani. Hata hivyo, aliitumikia serikali hiyohiyo katika maabara ya Albany, Oregon. Mwaka wa 1948 kampuni ya DuPont ilianza kuitengeneza titaniamu kwa biashara. Kroll alirudi Ulaya na kufariki mjini Brussels mwaka wa 1973.

Ajabu ni kwamba sifa iliyomtesa Kroll ndiyo inayomkinga mgonjwa. Titaniamu ikikutana na oksijeni huvaa mara moja utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache. Kutu ya chuma ni legelege, hubanduka na kuyakaribisha maji. Utando huu hugandama, na ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Chumvi ya mwilini, iwezayo kukila hata chuma cha pua penye mianya ya skrubu, huushindwa. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliona mwaka wa 1952 kwamba mfupa wa sungura umeshikamana na titaniamu, na mwaka wa 1965 akaanza kuwapa watu meno yaliyosimama juu ya metali hiyo.

Hata hivyo, tusiwaambie wanafunzi kwamba titaniamu haishindiki. Aloi yake itumikayo sana ina asilimia 6 ya aluminiamu na asilimia 4 ya vanadiamu. Shaka juu ya vanadiamu iliwafanya wataalamu kubuni nyingine yenye naiobiamu. Floraidi ikichanganyika na asidi mdomoni huula ule utando, na msuguano huzaa vumbi la metali. Aliye na kipandikizi amsikilize daktari, asisikilize uvumi.

Kuna somo la pili, nalo lanikera zaidi. Kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, mchanga wenye titaniamu ulichimbwa Kwale na kusafirishwa ng'ambo. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia katika rangi za kupaka. Lakini hatukuwa na kiwanda cha kutoa hata ratili moja ya metali yenyewe. Tuliuza mchanga, maarifa yakabaki kwa wenzetu.

Sikubali kwamba maarifa hayo si ya kwetu. Wahunzi wa Abagusii walifua majembe, na ababari, wapasuaji wetu wa jadi, walifungua mafuvu ya waliojeruhiwa kichwani na kuwaponya. Luxembourg nayo haizidi sana ukubwa wa Kisii na Nyamira zikiunganishwa. Nchi hiyo ndogo ilimlea mtu aliyeushinda ukaidi wa titaniamu. Kroll mwingine huenda ameketi leo katika darasa la kemia huko Keroka au Nyansiongo, akikariri fomula asizoambiwa ni za nini. Mwalimu na amwambie.