MAISHA YA JOHN BOYD DUNLOP, ALIYETIA UPEPO KATIKA GURUDUMU

Wenzangu, wengi wenu mtakumbuka mashindano ya baiskeli ya mwaka jana, nanyi mtakumbuka jinsi nilivyorudi shuleni jua likichwa, nikiikokota baiskeli, matairi yote mawili yamelala. Mlicheka sana, nami siwalaumu. Lakini jambo ambalo hamkulijua ni kwamba baiskeli ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba, naye huitumia kwetu Mamba kuteremshia tangawizi kutoka shambani mpaka mahali magari yanapopakia. Alinipa kwa muda wa wiki mbili tu. Mimi nikayavua matairi yake manene yenye meno, nikayauza, nikaongeza fedha yangu ya matumizi, nikanunua matairi membamba yasiyo na meno, kwa kuwa nilikuwa nimeona picha za washindani wa Ulaya. Fundi wa pale sokoni Same aliniuliza swali moja tu: nitapita njia gani? Sikumjibu. Nilidhani hajui mambo ya mbio.

Njia yenyewe ilikuwa ya vumbi na changarawe, na mbigili zimetapakaa kando zote mbili. Kabla ya kufika nusu ya safari nilipata pancha, nikaziba. Mbele kidogo nikapata ya pili, nikaziba. Ya tatu haikuwa ya mwiba; jiwe lilipasua tairi ubavuni, na hapo ndipo mbio zangu zilipokwisha. Wiki iliyofuata baba aliteremsha tangawizi yake kwa kichwa. Hakunigombeza hata kidogo, na jambo hilo lilinichoma kuliko kicheko chenu.

Mwalimu wetu wa Fizikia alipoona nimekuwa mnyonge alinipeleka maktabani, akaniambia nisome habari za mtu aliyeanza kazi yake kwa swali lile lile la fundi. Mtu huyo ni John Boyd Dunlop. Nimesoma habari zake, nami nawasimulia kwa ufupi.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, jimbo la Ayrshire, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisomea uganga wa wanyama mjini Edinburgh, akafuzu akiwa kijana wa miaka 19. Alifanya kazi kwao kwa muda, kisha mwaka 1867 akavuka bahari na kuhamia Ireland, na hatimaye akakaa katika mji wa Belfast. Huko kazi yake ilisitawi, hata ikawa miongoni mwa kazi kubwa za uganga wa wanyama katika nchi ile. Basi mnaona ya kuwa hakuwa mhandisi, wala hakuwa mtu wa mashindano. Alikuwa mganga wa farasi na ng'ombe.

Mwaka 1887 Dunlop alikuwa na umri wa miaka 47. Mwanawe mdogo, jina lake Johnny, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Siku zile matairi yalikuwa ya raba ngumu tupu, hayana upepo ndani, na njia nyingi za Belfast zilikuwa zimetandikwa mawe. Kila gurudumu lilipopanda jiwe, mtoto alirushwa. Kila liliposhuka, alitikiswa. Baba yake akafikiri. Hakuuliza ni gurudumu gani linalokwenda upesi kuliko yote duniani. Aliuliza ni kitu gani kitakachomfaa mtoto huyu juu ya mawe haya.

Akachukua ubao wa mviringo, akafanya mpira mwembamba wa karatasi ya raba, akauzungusha ukingoni mwa ubao, akaufunika kwa kitambaa cha kitani, kisha akautia upepo kwa pampu ya kujazia mpira wa miguu. Alipomaliza alilivingirisha uani gurudumu la baiskeli ya Johnny, nalo likaenda kidogo, likayumba, likaanguka. Akauvingirisha ule ubao wenye upepo kwa nguvu ile ile, nao ukapita ua wote, ukagonga nguzo mwishoni na kurudi nyuma. Hapo alijua amepata kitu.

Sababu yake si ngumu kwa mtu aliyekwisha kusoma Fizikia ya Kidato cha Pili. Tairi gumu likikutana na jiwe, halina budi kuliinua gurudumu zima, pamoja na baiskeli na mtu aliyepanda, na nguvu hiyo ya kuinua inapotea bure. Tairi lenye upepo hubonyea mahali pale pale penye jiwe, jiwe likamezwa, na gurudumu likaendelea na safari yake.

Usiku mmoja mwanzoni mwa mwaka 1888, mwezi ukiwa mpevu, Johnny alitoka na baiskeli yake iliyofungwa matairi mapya. Baba akaendelea kuyajaribu, na tarehe 7 Desemba, 1888, akapewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Fundi mmoja wa Belfast, jina lake Edlin, akaanza kuunda baiskeli za kuuza zenye matairi yale.

Hapa ndipo mashindano yanapoingia. Palikuwa na kijana wa Belfast, Willie Hume, mkuu wa chama kimoja cha waendesha baiskeli. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua baiskeli yenye matairi ya upepo kwa ajili ya mbio. Tarehe 18 Mei, 1889, alikwenda nayo katika mashindano ya Queen's College. Watazamaji walipoyaona matairi yale manene kama soseji walicheka, kama ninyi mlivyonicheka mimi. Lakini Hume alishinda mbio zote nne alizoingia. Baadaye alivuka bahari mpaka Liverpool, na huko pia alishinda mbio zote isipokuwa moja. Hakuwa anasifiwa kuwa mwenye miguu mikubwa kuliko wenzake. Alikuwa amechagua vizuri chombo cha kukanyagia ardhi. Tangu hapo kicheko kilikwisha, na washindani wakaanza kuyaulizia matairi ya upepo.

Miongoni mwa walioshindwa na Hume walikuwamo wana wa Harvey du Cros, tajiri mmoja wa Dublin. Baba yao aliona upesi kwamba jambo hili lina faida. Mwaka 1889 kampuni ikaundwa Dublin, na Dunlop akampa du Cros haki ya uvumbuzi wake, yeye akapewa hisa 1,500.

Lakini safari ya Dunlop nayo ilikuwa na mbigili zake. Haukupita muda mrefu ikajulikana ya kuwa Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kupata hati ya tairi la upepo tangu mwaka 1845. Thomson alikuwa amelitengeneza kwa magari ya farasi, miaka ambayo baiskeli kama zetu hazikuwapo bado, na watu wakalisahau. Dunlop hakuwa na habari zake. Hata hivyo sheria ni sheria, na hati ya Dunlop ikawa haina nguvu tena. Kampuni ilinusurika kwa kununua uvumbuzi wa watu wengine wawili wa mwaka 1890, Welch na Bartlett, waliobuni njia ya kulishika tairi katika rimu bila kulibandika kwa gundi. Kila tunapong'oa tairi kwa vyuma vyetu ili kuziba pancha, tunafaidi akili ya watu hao.

Mwaka 1896 kampuni iliuzwa kwa pauni milioni tatu, na mnunuzi akaiuza tena kwa umma kwa pauni milioni tano. Utajiri huo mkubwa haukumfikia Dunlop. Yeye alikuwa amekwisha kujitoa katika uongozi, akakaa Dublin na shughuli zake ndogo. Alifariki huko tarehe 23 Oktoba, 1921, akiwa na umri wa miaka 81. Jina lake lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa matairi mengi duniani, lakini fedha zake zilikuwa kidogo.

Si haki kusimulia sifa za tairi bila kusema pia gharama yake. Dunia ilipotaka matairi, ilitaka raba. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili watu walilazimishwa kuingia msituni kugema raba ya mwitu. Wengi waliuawa, na wengine walikatwa mikono, mpaka mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ilipoichukua nchi ile mkononi mwa mfalme. Hata karibu nasi, upande wa Muheza, Wajerumani walifungua mashamba ya mipira, yakaanguka yapata mwaka 1913 bei iliposhuka kwa sababu ya raba rahisi ya Asia. Na mwaka 1953, yalipoanza mashindano ya magari yaliyokuja kuitwa Safari, madereva wa kawaida wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipita katika vumbi na matope ya nchi zetu juu ya upepo wa Dunlop.

Uchaguzi wa tairi haujawa rahisi tangu siku za Hume. Ulaya na Marekani wapo watu wenye kazi zao za kawaida ambao siku za mapumziko hushindana kwa magari yao wenyewe, wakizunguka kati ya vizuizi katika viwanja vya lami. Hao huchagua matairi ya majira ya joto yenye raba laini inayoshika lami, ingawa huisha upesi, na baridi ikija raba hiyo hukakamaa na kuteleza. Tairi lililo bora kwao lingeniangusha mimi katika vumbi la Same, na tairi la baba lingewachelewesha wao.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikimsaidia yule fundi wa sokoni kila Jumamosi mchana, mpaka nimepata fedha ya kununua matairi mawili. Safari hii yeye aliniuliza tena, nami nikamjibu: changarawe, mchanga kidogo, na mbigili. Tukachagua matairi ya unene wa kati, yenye meno mafupi katikati na marefu pembeni, na ngozi nzito. Amenifundisha pia kutolijaza tairi mpaka likawa kama jiwe, kwa maana tairi lililojaa kupita kiasi hurukaruka juu ya changarawe kama raba ngumu ya zamani. Wala kulilegeza mno, maana rimu itaubana mpira wa ndani na kuutoboa.

Likizo iliyopita niliyapeleka Mamba. Baba aliyabonyeza kwa kidole gumba, akayageuza, akatazama meno yake, kisha akafunga gunia la tangawizi juu ya baiskeli na kuteremka nalo. Aliporudi alinipa baiskeli, akaniambia niirudishe mashindano yatakapokwisha. Mashindano ni muhula ujao. Sijui kama nitashinda, kwa kuwa wapo wenye miguu kunizidi. Lakini nikishinda au nikishindwa, matairi haya haya yatarudi Mamba kubeba tangawizi.