Rachel Carson: Alikatiza masomo, akatetea wadudu wa mtoni

Ukiacha masomo, watu hudhani hadithi yako imeishia hapo. Nawajua hao watu, maanake hata mimi nilikatiza chuo. Ndiyo sababu huyu mama Mmarekani namkubali sana.

Rachel Carson alizaliwa Mei 27, 1907, Springdale, jimbo la Pennsylvania. Chuoni aliingia kusomea Kiingereza, kisha akahamia biolojia. Mwaka 1932 alipata shahada ya uzamili Johns Hopkins, akaendelea na ya uzamifu. Lakini nyumbani pesa zilikuwa ngumu, na 1934 akaiacha. Mwaka uliofuata babake akafariki, mzigo wa familia ukamwangukia.

Akapata kibarua serikalini, kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe wa majini. Pole pole akapanda. Mwaka 1951 kitabu chake kuhusu bahari kikanunuliwa kama njugu, na 1952 akaacha kazi ili aandike tu.

Sasa, siku hizo dawa ya DDT ilikuwa inanyunyizwa kwa ndege kila mahali. Carson akaanza kuuliza: hii sumu ikitua mtoni inakuwaje?

Kisa kimoja alichosimulia ni cha mto Miramichi, nchini Kanada. Mwaka 1954 misitu ya huko ilinyunyiziwa DDT kuua viwavi waliokuwa wakimaliza miti. Siku mbili tu baadaye, samaki walianza kuonekana wamekufa kando ya mto.

Lakini cheki hapa. Sumu ilikuwa imeua pia wadudu wa mtoni: wale wanaojijengea vijumba vya changarawe, wale wanaong'ang'ania mawe. Hao ndio chakula cha samaki wachanga aina ya samoni. Kwa hivyo hata samaki aliyeponea sumu alibaki na njaa. Wadudu wadogo kabisa walirudi haraka, lakini wale wakubwa, ambao samaki wa miaka miwili mitatu huwahitaji, walichukua muda mrefu. Sumu moja, vifo mara mbili.

Hayo yote aliyaweka kwenye Silent Spring, kilichotoka Septemba 1962. Kampuni za kemikali zilimshukia kama mwewe, wengine wakamwita mwanamke wa hisia tu. Hawakujua alikuwa anaugua saratani ya matiti. Alinyamaza kuhusu ugonjwa, akaendelea kujibu kwa ushahidi. Na hakutaka dawa zote zipigwe marufuku, ila zisimwagwe ovyo. Mei 1963, kamati ya wanasayansi wa Rais Kennedy ikakubaliana naye kwa mengi.

Alifariki Aprili 14, 1964, akiwa na miaka 56. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972. Hakuwahi kuona siku hiyo.

Kwa hivyo ukimwona mtu anaosha pampu ya dawa mtoni, usiangalie samaki pekee. Inua jiwe uone kama chini yake bado kuna kinachotembea.